Kwa Nini Mchanga Hutanuka Unapokandamizwa?

Mtu atembeaye ufukweni maji yanapokupwa huona jambo la ajabu. Akanyagapo mchanga mbichi, pale pembeni mwa unyayo hukauka ghafla. Ainuapo mguu, maji hujaa tena. Je, maji hayo yalikwenda wapi?

Swali hilo lilijibiwa mwaka 1885 na Osborne Reynolds, mwanasayansi wa Uingereza. Chembe za mchanga ulioshindiliwa hukaa zimebanana, kila moja katika pengo la wenzake. Zikisukumwa, haziwezi kupishana bila kupandana. Hivyo nafasi baina yao huongezeka, na maji ya juu hushuka kuzijaza. Darasani jambo hili huthibitishwa kwa urahisi. Mchanga hutiwa katika chupa laini ya plastiki na kugongwagongwa hadi ushikamane, kisha maji huongezwa mpaka shingoni. Chupa ikibinywa, maji hayapandi, bali hushuka!

Mchanga uliolegea hutenda kinyume. Ukitikiswa, chembe zake huangukia mapengoni na ujazo wake hupungua. Maji yasipopata njia ya kutoka upesi, hulazimika kuubeba mzigo uliokuwa ukibebwa na chembe. Msuguano hupotea, na ardhi huwa kama uji. Tarehe 16 Juni 1964, tetemeko lilipoupiga mji wa Niigata nchini Japani, majumba ya ghorofa yaliinama, na moja likakaribia kulala ubavu, ingawa kuta zake hazikubomoka. Udhaifu haukuwa katika zege, bali katika mchanga uliokuwa chini.

Kwa hiyo mhandisi hawezi kuukadiria mchanga kama springi itiiyo kanuni ya Hooke. Springi ikiachwa hurudi. Mchanga hubaki na umbo jipya. Mwaka 1936 Arthur Casagrande alionyesha kwamba mchanga uliolegea na ulioshindiliwa, ukizidi kusukumwa, huelekea hali moja ambapo ujazo haubadiliki tena. Wazo hilo limekuwa msingi wa hesabu nyingi za misingi na mabwawa. Mwaka 1979 Peter Cundall na Otto Strack walieleza njia nyingine: kompyuta hufuata mwendo wa kila chembe na kani zinazoigusanisha na jirani zake. Hata hivyo, chembe zilizo chini ya jengo moja ni nyingi kupita kiasi, na hesabu za wastani bado zinahitajika.

Haitoshi, basi, kujua uzito wa jengo. Sharti ijulikane pia kama mchanga utakaolibeba utatanuka au utasinyaa.