Mba Sugu ya Kichwani: Namna ya Kuitambua na Kuidhibiti

Mba ya kichwani ni ugonjwa ambao wengi huudharau, kwa kuwa hauui wala haumlazi mtu kitandani. Hata hivyo, mwenye kuugua kwa miaka hukosa usingizi kwa kujikuna, huona haya kuvaa nguo nyeusi, na hutumia fedha nyingi kununua dawa zisizomfaa. Tabia ya ugonjwa huu ni kutulia na kurudi. Kwa hiyo lengo la tiba ni kuudhibiti, na mgonjwa aelezwe hivyo tangu siku ya kwanza.

Chanzo chake kinahusiana na kuvu wadogo waitwao malasezia, waishio juu ya ngozi ya karibu kila mtu mzima. Chakula chao ni mafuta ya ngozi. Wanapoyavunja, hutoa asidi ambazo ngozi ya baadhi ya watu haizivumilii. Ngozi huwasha na kupukutika upesi. Ndiyo maana mba hukaa penye mafuta mengi: kichwani, kwenye nyusi, kando ya pua, nyuma ya masikio na kifuani. Katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi, bali mabaka yaliyopauka. Ugonjwa huu hautokani na uchafu, wala hauambukizwi kwa kitana au mashine ya kinyozi.

Mhudumu wa afya atofautishe mba na magonjwa yanayofanana nayo. Mtoto wa shule mwenye magamba na nywele zilizokatika kwa mabaka huenda ana mapunye. Hayo huambukiza, na huhitaji dawa ya kumeza kama griseofulvini kwa wiki kadhaa. Shampuu peke yake haitoshi. Magamba mazito yenye rangi ya fedha, yakiambatana na mabaka viwikoni na magotini, huashiria soriasi.

Aidha, mba kali inayozuka ghafla kwa mtu mzima, ikaenea usoni na kifuani na kukaidi dawa, yaweza kuwa dalili ya kinga iliyoshuka kutokana na VVU. Katika mialo ya uvuvi, ambako maambukizi ni mengi, dalili hii isipuuzwe. Mgonjwa ashauriwe kupima kwa faragha, huku akielezwa kwamba watu wengi wenye mba hawana VVU.

Tiba ya msingi ni shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2. Mgonjwa aipake kwenye ngozi ya kichwa, aiache kwa dakika 3 hadi 5, kisha aisuuze. Afanye hivyo mara mbili kwa wiki kwa muda wa wiki 2 hadi 4. Baada ya hapo, mara moja kila wiki moja au mbili ili mba isirudi. Kwa nywele kavu za kipilipili, mara moja kwa wiki yaweza kutosha. Shampuu zenye zinki pirithioni au seleni salfaidi hufaa pia. Mwenye kusuka asikae na msuko kwa muda mrefu bila kuosha kichwa, na mafuta yapakwe kwenye nywele, si kwenye ngozi, kwani huwalisha kuvu.

Vidonge vya ketokonazoli visitumike kutibu mba: mwaka 2013 mamlaka za dawa za Ulaya na Marekani zilionya kwamba vinaweza kudhuru ini vibaya. Vilevile, krimu kali kama klobetasoli hutuliza muwasho upesi, lakini zikipakwa usoni kwa muda mrefu hufanya ngozi kuwa nyembamba.

Kwa wakazi wa ufukweni na visiwani, kama Ukerewe, lipo jambo moja zaidi. Kusimama ziwani kwa dakika tano ukisubiri shampuu ifanye kazi ni kuwapa vijidudu vya kichocho nafasi ya kupenya ngozini. Tumia maji ya bomba au ya kisima salama. Ikibidi kutumia ya ziwa, yachemshe kwanza, kisha yaache yapoe.

Mgonjwa asiyepata nafuu baada ya wiki 4 za matumizi sahihi, au mwenye usaha, nywele zinazonyonyoka au tezi zilizovimba shingoni, apelekwe katika hospitali yenye mtaalamu wa ngozi. Aende na dawa zote alizotumia, hata zile alizonunua mtaani, kwani mara nyingi ndizo zinazoeleza kwa nini hajapata nafuu.