Piano ya Kulala kwa Nyumba ya Pwani

Piano kubwa ya kulala, ile ambayo nyuzi zake zimetandazwa sambamba na sakafu, ina vitufe 88, nyuzi zipatazo 230 na fremu nzito ya chuma inayostahimili mvuto wa karibu tani 20. Chini ya nyuzi kuna ubao mwembamba, kwa kawaida wa mti wa sprusi, na huo ndio unaokuza sauti. Ubao huo huvimba hewa ikiwa na unyevu, hunywea hewa ikikauka, na sauti za nyuzi hupanda na kushuka pamoja nao. Mafundi hupendekeza unyevu wa asilimia 40 hadi 60. Katika mitaa ya pwani ya Kenya kama Likoni, Kisauni na Changamwe, kwa ukaribu wake na bahari, kiwango hicho hupitwa sehemu kubwa ya mwaka. Ndiyo maana mnunuzi wa huku hutazama kwanza hali ya mbao na chuma, kisha ndipo aulize jina la kiwanda.

Piano iliyotumika hukaguliwa kwa kuinua kifuniko na kumulika ndani kwa tochi. Kutu kidogo juu ya nyuzi si ajabu pwani, lakini kutu iliyoshika vigingi vya kukazia nyuzi ni sababu ya kuiacha. Vigingi hivyo vimepigwa ndani ya gogo la mbao ngumu. Gogo likipasuka, vigingi hulegea na piano haikai katika sauti yake hata ikiwa imerekebishwa jana, na kulibadilisha ni kazi ghali mno. Ubao wa sauti hutazamwa kwa chini kama una nyufa au umeachana na mbavu zake. Felti za nyundo zinazopiga nyuzi hukaguliwa kama zimeliwa na nondo au zimechimbwa mifereji mirefu na nyuzi. Miguu na sehemu ya chini hutafutwa vijia vya mchwa.

Kisha masikio. Kila kitufe hupigwa polepole, kimoja baada ya kingine, kwa nguvu na kwa upole. Kinachokwama huenda kimevimba tu, na fundi hukirekebisha haraka. Linalotia wasiwasi zaidi ni sauti za juu ya katikati kuzimika mara tu zinapopigwa, kwani hiyo ni dalili ya ubao uliochoka. Urefu nao una maana: katika piano za karibu sentimita 150 nyuzi za besi ni fupi na sauti yake huwa nzito isiyo wazi, ilhali zile zinazokaribia sentimita 180 au zaidi husikika vizuri zaidi.

Vitufe vya piano kuukuu vina historia inayogusa pwani hii. Katika karne ya 19 pembe za ndovu za Afrika Mashariki zilipitia Zanzibar hadi Deep River na Ivoryton, jimbo la Connecticut, Marekani, zikakatwa kuwa vifuniko vya vitufe. Mwaka 1989 Kenya ilichoma tani 12 za pembe, na mwaka huohuo nchi za CITES, mkataba wa kusimamia biashara ya viumbe walio hatarini, zikakubaliana kuzuia biashara yake kimataifa. Piano ya vitufe vya pembe isiagizwe kabisa. Kitufe cha pembe huonyesha mistari myembamba ya asili, na mara nyingi kifuniko chake kina vipande viwili vyenye mshono mwembamba. Cha plastiki hakina.

Usafiri pia huhesabiwa mapema. Piano ya wastani huzidi kilo 300, hivyo hung'olewa miguu, ikalazwa ubavuni juu ya ubao na kufungwa blanketi kabla ya kupakiwa lori, iwe inavuka kwa feri ya Likoni au kwa Daraja la Nyali. Nyumbani huwekwa mbali na dirisha na ukuta unaovuja, katika chumba chenye kipima unyevu. Kiyoyozi kinachowashwa usiku na kuzimwa mchana huyumbisha mbao zaidi kuliko joto la kawaida. Mashine ya kukausha hewa iendayo mfululizo ni afadhali.

Asiyeweza kuwa na chumba kama hicho, wala kumlipa fundi aje angalau mara mbili kwa mwaka, asinunue piano ya kulala. Piano ya umeme yenye vitufe vizito itamfaa zaidi.