Kamera Nyuma ya Pazia

Mwaka 2002 ilitoka filamu ya hali halisi iitwayo OT: Our Town, iliyoongozwa na Scott Hamilton Kennedy. Inawafuata wanafunzi wa shule ya sekondari ya Dominguez huko Compton, California, walioamua kuigiza Our Town, tamthilia ya Thornton Wilder ya mwaka 1938. Shule ilisifika kwa mpira wa kikapu. Mchezo wa kuigiza haukuwa umefanyika hapo kwa zaidi ya miaka 20, na jukwaa halikuwepo. Inagusa moyo kuwaona vijana weusi na Walatino wakiingia taratibu katika maisha ya mji mdogo wa Wazungu huko New Hampshire, mpaka mji huo ukawa wao. Ila kamera haikuishia kwenye mazoezi. Ilisikiliza pia habari za maisha yao nje ya shule, na hapo ndipo swali la maadili linapozuka.

Sanaa ya maigizo humpa kijana hifadhi ambayo hawezi kuipata kwingine. Anaweza kulia mbele za watu, kupenda, hata kufa, kisha akavua vazi la mhusika na kurudi kwao salama, kwa maana hakuna anayemwita mlevi kwa kuwa aliigiza mlevi. Mazoezi nayo ni mahali pa kukosea bila kuhukumiwa. Filamu ya hali halisi humtafuta kijana huyo pale pale alipovua vazi: amesahau maneno, amegombana na mwenzake, anasimulia kwa nini baba yake hayupo. Mchezo wa jukwaani hubaki katika kumbukumbu za waliohudhuria tu. Filamu hubaki kama ilivyo, na mtu wa miaka 35 atakutana tena na machozi aliyoyatoa akiwa na miaka 16, labda yakitazamwa na wanawe au na mwajiri wake.

Watengenezaji wengi hujibu kwamba mzazi alitia saini. Saini ni ya lazima. Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto. Lakini saini hiyo hutolewa siku ya kwanza, wakati filamu yenyewe haijazaliwa. Hoop Dreams ya mwaka 1994, kuhusu vijana wawili wa Chicago na mpira wa kikapu, ilirekodiwa kwa takriban saa 250, nayo haifiki saa 3. Maana ya filamu huamuliwa katika uhariri, na hakuna mzazi anayeweza kuridhia mapema kile ambacho mhariri mwenyewe bado hajakiona. Tena kuna jambo linalosahauliwa mno: mwalimu anayegawa nafasi za wahusika ndiye mara nyingi anayemkaribisha mpiga picha. Mwanafunzi atakataaje kamera ilhali anaogopa kunyimwa nafasi? Ndiyo maana naona ridhaa iombwe upya kila jambo zito linapojitokeza, na kijana aoneshwe filamu kabla uhariri haujafungwa, mwalimu akiwa nje ya chumba, ili aweze kuomba kitu kiondolewe.

Wapo watakaosema kwamba tukifanya hivyo filamu itageuka tangazo la shule. Hofu hiyo ina msingi, kwa hiyo haki ya kuomba kitu kiondolewe iwe na mipaka. Kijana asiweze kufuta tukio kwa sababu aliigiza vibaya. Hiyo ni kazi yake ya sanaa, na safari ya kujifunza haielezeki bila makosa. Lakini siri za nyumbani, ugonjwa na mapenzi yake ni vyake.

Suala la fedha nalo lipangwe mapema. Être et avoir, filamu ya mwaka 2002 kuhusu shule ya kijijini Ufaransa, ilipopata watazamaji wengi kupita matarajio, mwalimu aliyeonekana ndani yake alikwenda mahakamani kudai malipo, akashindwa mwaka 2004. Waliotengeneza Hoop Dreams waliwagawia vijana wale sehemu ya faida, na filamu yao haikupoteza ukali wowote kwa hilo.