Kashe ya DNS: fishie yenye ilitukosesha mbegu

Mimi ni mtu wa udongo na mbegu, si mtu wa informatiki. Lakini mu biro kidogo ya bakulima kwenye ninatumika hapa Lubumbashi, njo mimi ninachunga ordinatere, juu hakuna mwengine. Hiyo kazi ilinifundisha kitu kimoja kwa bei kali. Ninawaelezea ili isiwafikie na ninyi.

Tulikuwa na fomu ya kujaza ku intaneti, kuombea bakulima mbegu ya mahindi na mbolea. Munajua kalenda yetu: mvua inakamata mu Novemba, na mwenye kuchelewa kupanda mpaka nyuma ya Noeli, mavuno inapunguka. Siku ya mwisho ya fomu, saiti ikakatala kufunguka ku ordinatere zote za biro. Tukasema koneksio ni mbaya. Lakini saiti zingine zilikuwa zinafunguka vizuri. Kisha kijana mumoja wa biro akaniambia: «Yaya, ku telefone yangu, na mega zangu, inafunguka. Juu ya nini hapa inakatala?»

Ile ulizo njo ilikuwa mwanzo wa jibu.

Ordinatere hazijuane kwa majina, zinajuana kwa namba. Ukiandika jina la saiti, mashini yako inauliza kwanza: huyu anakaa ku namba gani? Kazi ya kujibu ni ya DNS. Zamani majina yote ya mtandao yalikuwa mu fishie moja, HOSTS.TXT, iliyotunzwa kule California, na kila mtu alikuwa anachukua kopi yake. Majina yakaongezeka, kopi zikawa zinachelewa. Njo vile mu 1983 Paul Mockapetris akatengeneza DNS: badala ya fishie moja, kila mwenye jina anatunza namba zake mwenyewe, na sisi tunamuuliza.

Kuuliza kila mara kunakula wakati. Kwa hiyo jibu linawekwa mu akiba, njo inaitwa kashe. Na kila jibu linakuja na umri wake, wanaouita TTL, unaohesabiwa kwa sekunde: 3600 ni saa moja, 86400 ni siku nzima. Umri ukiisha, jibu linatupwa, mashini inauliza upya. Mwenye saiti akihamia serveri ingine, kashe yako itaendelea kukutuma ku nyumba ya zamani mpaka umri uishe.

Sasa, kashe haiko fasi moja. Iko mu navigateri, iko mu ordinatere yenyewe, na mara nyingi iko mu mashini ingine katikati yenye kujibia biro nzima. Ku Windows, fungua dirisha ya komandi na uone yenye iko ndani:

ipconfig /displaydns

Ukitaka kuiweka mu fishie uisome polepole:

ipconfig /displaydns > kashe.txt

Na kuifuta:

ipconfig /flushdns

Ku Linux nyingi za leo:

resolvectl flush-caches

Ku Mac ni komandi mbili:

sudo dscacheutil -flushcache
sudo killall -HUP mDNSResponder

Usiogope kufuta. Haupoteze kazi yako yoyote. Mashini itauliza tu upya.

Ile siku nilifuta ku ordinatere zote. Hakuna kitu kilibadilika. Kumbe kosa lilikuwa mbele zaidi, na lilikuwa langu mwenyewe.

Mu biro tuko na ordinatere kidogo yenye kujibu DNS kwa bote, na programu inaitwa Unbound. Kashe yake iko mu memuari: umeme ukikatika, inapotea. Na delestaje munaijua. Nikajiona mwerevu, nikaandika skripti. Kila saa inafanya hii:

unbound-control dump_cache > /root/kashe.txt

Na umeme ukirudi:

unbound-control load_cache < /root/kashe.txt

Inaonekana vizuri, ee? Lakini angalia kosa. Mu ile fishie hakuna saa ambayo jibu litakufa. Iko tu na sekunde zilizobaki wakati wa kuandika. Ukiirudisha, Unbound inaanza kuhesabu kutokea pale. Masaa yote tulikaa bila umeme hayahesabiwe. Kwetu umeme ulikuwa unakuja masaa 3 hivi kwa siku. Jibu lenye umri wa masaa 24 likaweza kuishi siku 8. Saiti ya fomu ilikuwa imehama katikati ya juma, na biro yetu ilikuwa ingali inapiga hodi ku nyumba yenye hakuna muntu.

Sisi ba agronomi tungepaswa kuelewa hii mbele ya bengine. Mbegu inazeeka hata kama mufuko umefungwa. Mwenye kuihamisha mu mufuko mupya na kuandika tarehe mupya, hakuifanya kuwa kijana. Anadanganya mwenye kupanda. Skripti yangu ilikuwa inafanya hiyo hiyo. Na kitabu cha Unbound kinasema wazi kwamba load_cache ni ya kutafutia makosa, na kwamba data ya zamani ikiingia, data ya zamani njo itatoka. Sikukuwa nimesoma.

Namna ya kuhakikisha ni hii. Uliza mashini yako, kisha uliza serveri ya inje, ulinganishe:

dig jina-la-saiti.cd
dig @1.1.1.1 jina-la-saiti.cd

Ku Windows, tumia nslookup jina-la-saiti.cd, kisha nslookup jina-la-saiti.cd 1.1.1.1. Namba zikiachana, shuku kashe, ingawa saiti kubwa zinaweza kuwa na namba mingi bila kosa. Mu jibu la dig, namba inayofuata jina ni sekunde zilizobaki. Kisha futa jina hilo na yenye iko chini yake tu, bila kumwanga kashe yote:

unbound-control flush_zone jina-la-saiti.cd

Mimi niliongeza mambo mbili: nilitupa ile skripti, na mu fishie ya Unbound niliandika cache-max-ttl: 3600, ili hakuna jibu likae zaidi ya saa moja. Faida ya kuchunga kashe mu fishie ilikuwa sehemu ya sekunde kila umeme ukirudi. Kashe inajijaza yenyewe ndani ya dakika chache.

Haya yote niliyajua nyuma. Ile usiku tulijaza fomu ku telefone ya yule kijana, jina kwa jina. Saa sita ya usiku ikafika tungali na bakulima 11 kwenye daftari. Bale 11 balipanda mbegu ya ghala yao, bila mbolea. Nilienda kuwaelezea mwenyewe. Mama mumoja akaniuliza kama ordinatere nayo inakuwaka na mbegu ya kuoza. Nikajibu ndiyo, kama mwenye kuchunga haangalie tarehe.