Kiingereza cha Saluni ya Kucha

Akina mama wengi siku hizi husafiri kwenda Marekani kumlea binti aliyejifungua. Uzazi ukishapoa, binti humpeleka mama saluni ya kucha kama zawadi, kisha yeye hukimbilia kazini. Mama hubaki ameweka mikono mezani, na Kiingereza chake ni kile cha darasa la saba. Mama msomaji, maneno yanayohitajika pale ni machache.

Kwanza usiogope. Huenda hata anayekuhudumia amejifunza Kiingereza ukubwani. Saluni nyingi za kucha nchini humo ni za Wavietnamu. Mwaka 1975, vita vya Vietnam vilipokwisha, mwigizaji wa sinema Tippi Hedren alikuwa akiwasaidia wakimbizi katika kambi moja karibu na Sacramento, California. Wanawake wakazipenda kucha zake, naye akamleta fundi wake awafundishe 20 kati yao. Kazi hiyo ikaenea. Basi sema kwa kifupi.

Ukitaka mikono itengenezwe, sema "Manicure, please", yaani manikyua. Miguu ni "pedicure", pedikyua. Kama unataka rangi tu, "Just polish, please". Kwa rangi yenyewe, onyesha chupa kwa kidole. Ongeza "No gel", kwa sababu rangi ya jeli haitoki kwa dawa ya kawaida ya kufutia, na utarudi nayo kijijini. Kabla hujaketi, uliza bei: "How much is it?"

Lakini maneno tunayotaka uyashike zaidi ni yale ya kukataa. La kwanza: "Please don't cut my cuticles", yaani usinikate kile kingozi chembamba kwenye shina la ukucha. Wengi hukiona uchafu, kumbe ndicho kizuizi cha vijidudu. Kikikatwa, kidole huweza kuvimba na kutunga usaha, na wewe una mjukuu wa kuogesha! Mafundi wengine wakipewa mguu hutoa wembe wa kukwangulia visigino. Hapo sema "No blade, please".

Mwenye kisukari aseme mapema "I have diabetes". Ugonjwa huo huweza kuua hisia za miguu, hata mtu akatwe asijue, na kidonda kikachelewa kupona. Mama huyo apime maji kwa kiwiko kabla ya kutumbukiza mguu. Akihisi moto, "Too hot".

Sisi tumelelewa kuvumilia mbele ya wageni, na hapo ndipo tunapoumia. Mkono ni wako. Ukiumizwa, uvute na useme "That hurts". Fundi hatakasirika, amezoea kuambiwa.

Mwisho ni bakshishi. Kwao ni desturi, asilimia 15 hadi 20 ya bei. Kazi ya dola 30, ongeza dola 5 au 6, na umwombe binti akuachie noti ndogondogo kabla hajaondoka.