Lugha ya Ilani: Serikali ya Jiji na Wakazi wa Eastlands

Mawasiliano baina ya serikali na raia hukamilika pale tu ujumbe unapoeleweka na kuweza kujibiwa. Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, hususan Kaloleni, Bahati, Maringo na Jericho, suala hili lina uzito wa pekee. Nyumba za mitaa hiyo ni za serikali ya jiji. Hivyo mwenye nyumba ndiye pia mtoza ada, mzoa taka na mtoa amri. Kwa mpangaji wa namna hii, ilani iliyobandikwa ukutani huenda ikawa habari ya paa lake mwenyewe.

Kiswahili si kigeni katika uhusiano huu. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilichapisha mjini Nairobi gazeti la Kiswahili lililoitwa Habari. Hata hivyo, lugha hiyo ilitumiwa zaidi kumwagiza Mwafrika kuliko kumsikiliza. Baada ya uhuru, Kiingereza kiliendelea kutawala nyaraka za ofisi za jiji. Katiba ya 2010, Ibara ya 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 nayo inazitaka kaunti kuwafikia wananchi kwa upana iwezekanavyo, zikiwemo njia za mikutano ya hadhara na redio za kijamii. Kaunti ya Jiji la Nairobi, iliyochukua nafasi ya Baraza la Jiji mwaka 2013, inafungwa na masharti hayo.

Je, kutafsiri ilani kwa Kiswahili kunatosha? La hasha. Chukua mfano wa sentensi hii: "Wakazi wanaarifiwa kwamba majengo yasiyoidhinishwa yataondolewa." Sarufi yake haina kasoro, lakini kauli ya kutendwa imemficha mtenda. Nani ataondoa? Lini? Majengo yapi? Aliyeonewa alalamike wapi? Linganisha na hii: "Kaunti itabomoa vibanda vilivyo kando ya barabara hii. Mwenye pingamizi aende ofisi ya wadi kabla ya tarehe iliyotajwa hapa chini." Sentensi ya pili inamtaja mtenda na kumwachia msomaji nafasi ya kujitetea. Kadhalika, istilahi kama "uendelezaji upya" haimjibu mama wa Maringo anayetaka kujua mambo mawili tu: atahamishwa lini, na atarudi?

Ndipo inapodhihirika thamani ya baraza. Pale msemaji hulazimika kufafanua, naye mzee wa mtaa huweza kusimama na kuuliza. Redio za kijamii pia zimesaidia. Koch FM ya Korogocho, iliyoanzishwa mwaka 2006, huzungumza na vijana kwa lugha wanayoitumia, Sheng ikiwemo. Sheng yaweza kuvuta sikio redioni, lakini ilani yenye nguvu ya kisheria yahitaji Kiswahili sanifu kilicho chepesi, ili maana yake isibadilike kutoka mtaa hadi mtaa.

Hapa wataalamu wa Kiswahili wana kazi mahsusi: kuandaa vielelezo vya ilani, kuvijaribu kwa wasomaji wa mitaani, na kuzikabidhi ofisi za wadi. Ilani isiyoeleweka humnyima mkazi nafasi ya kujibu kabla tingatinga halijafika mlangoni.