Mafuta ya motere kwa mashini za mlimani: soma namba kabla ya kununua

Siku moja ya kiangazi nilifika asubuhi sana kwa koperative moja ya milima ya Masisi. Ukungu ulikuwa bado chini, kila mtu amejifunika kikwembe mabegani. Wamama zaidi ya kumi walikuwa wanangojea na mabeseni yao ya mahindi mbele ya mashini ya kusaga. Kijana wa mashini alivuta kamba mpaka akatoka jasho. Motere ilikataa. Mwishoni alileta makaa ya moto na kutaka kuyasukuma chini ya motere ya esansi. Tulimzuia mbio.

Nilipouliza wanatumia mafuta gani, walinionyesha bidoni ya SAE 50. Waliinunua juu watu waliwaambia kama mafuta mazito ndiyo yenye nguvu. Kisha, kwa sababu motere ilikuwa inakawia kuwaka, mtu mmoja aliyapunguza uzito kwa kuyachanganya na mazutu kidogo. Niliwaomba wayamwage yote siku ile ile. Walisema watafanya hivyo sokoni la juma lijalo. Kabla ya siku ya soko, bieli ilishikana na motere ikakufa. Pesa za kuitengeneza zilitoka katika sanduku la mbegu za maharagwe za msimu A.

Ndiyo maana leo ninaandika juu ya mafuta.

Namba zinasema nini?

Juu ya bidoni mutaona herufi SAE na namba: SAE 30, SAE 40, 10W-30, 15W-40. Namba hizi si nyuzi za joto, na si alama ya ubora. Zinaonyesha uzito wa mafuta, yaani namna yanavyotiririka. Namba ikiwa kubwa, mafuta ni mazito.

Bidoni yenye namba moja, kama SAE 30, ina mafuta ambayo yanakuwa mazito sana kukiwa baridi na mepesi kukiwa moto. Bidoni yenye namba mbili, kama 10W-30, ina mafuta yaliyotengenezwa ili yafanye kazi mbili. Namba ya kwanza inaonyesha yanavyotiririka wakati wa baridi. Ile W inatoka katika neno la Kiingereza la majira ya baridi. Namba ya pili inaonyesha uzito wake motere ikiisha kuwa moto, kwa kipimo cha nyuzi 100.

Motere ndogo nyingi za esansi hazina pompi ya kusukuma mafuta. Ndani yake kuna kijiko kidogo kinachorusha mafuta juu ya vyuma. Mafuta yakiwa mazito kama asali, kijiko kinapiga kwa shida, kamba inakuwa nzito, na vyuma vinasuguana vikavu dakika za kwanza. Lakini ukiyachanganya na mazutu au esansi, yanakuwa mepesi kupita kiasi. Motere ikipata moto hayakingi chuma tena. Hivyo usichanganye kamwe. Badilisha bidoni.

Tuchague gani kwetu?

Motere kama zile za mashini zetu zinatumika hata Kanada na Marekani, katika mashini za kuondoa theluji mbele ya nyumba. Ndiyo maana kitabu cha motere kinaweza kutaja 5W-30: ni kwa watu wanaowasha motere wakati maji yote ya nje yamekuwa barafu. Sisi hatuko hapo. 5W-30 haitaharibu motere, lakini ikiwa bei yake iko juu, hakuna haja ya kuilipia.

– Mlimani (Masisi, Lubero na kwingine ambako asubuhi kunashuka karibu na nyuzi 10), motere ya esansi: 10W-30.

– Uwanda wa Ruzizi na kando ya ziwa Tanganyika, ambako mchana joto linapita nyuzi 30: SAE 30 inafaa. 10W-30 pia inakubalika, lakini wakati wa joto kali motere inaweza kuinywa zaidi. Pima mara nyingi.

– Mashini ya mazutu: fuata kitabu chake. Nyingi zinakubali 15W-40.

Tazama pia herufi za API. Zikianza na S (SG, SJ, SL), ni mafuta ya motere za esansi. Zikianza na C (CF-4, CI-4), ni ya mazutu. Bidoni nyingine zina zote mbili. Na yale mafuta ya kuchanganya ndani ya esansi, kama kwa msumeno wa miti, yasiingie hapa hata kidogo.

Jambo lingine: mlimani motere inapoteza nguvu juu ya hewa kuwa chache, karibu 3.5% kila mita 300 unazopanda. Usitafute dawa ya shida hiyo katika mafuta mazito.

Kununua na kubadilisha

Nunua bidoni iliyofungwa, kifuniko hakijaguswa. Mafuta ya kupimiwa kwa chupa sokoni hayana namba, na hujui yametoka katika gari gani.

Motere ya nguvu za farasi 5.5, namna ya Honda GX160, inaingiza karibu litre 0.6. Ile ya farasi 13, GX390, inaingiza karibu litre 1.1. Vidanje ya kwanza ni kisha masaa 20 ya kazi. Zinazofuata ni kila masaa 100 au miezi 6. Tupige hesabu: mashini inayosaga masaa 5 kwa siku inamaliza masaa 100 kwa siku 20 tu. Wengi wanangojea miezi 6 na wanasahau masaa.

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, weka motere sawasawa, toa kijiti, kipanguse, kirudishe bila kukikaza, kisha soma. Ukifanya vidanje, washa motere dakika chache kwanza. Mafuta ya vuguvugu yanatoka pamoja na uchafu wake. Ya zamani yatiwe katika bidoni yenye alama, yasimwagwe karibu na kisima wala mto.

Kwenye mkutano ujao, amueni mambo matatu: nani anaandika masaa ya mashini katika daftari, nani ananunua mafuta, na kiasi gani cha pesa ya kila beseni kinawekwa kando kwa vidanje. Ile koperative ya Masisi sasa inafanya hivyo. Daftari linaninginia kwa msumari karibu na mashini, na chini ya meza kuna bidoni moja ya 10W-30 isiyofunguliwa bado.